Tabibu wa Kuigiza na Mwanasesere wa Haydom

Miongoni mwa kazi ambazo michezo ya kompyuta humwezesha mtu kuziigiza, utabibu una upekee wake, kwa kuwa humtaka mchezaji aweke kando lile linalowavuta wengi mchezoni, yaani kushinda, akae kwenye kituo chake cha kazi na kuwangoja wenzake waumie. Upekee huo unaonekana wazi zaidi katika mchezo uitwao Space Station 13, uliotolewa mwaka 2003 na mtayarishaji programu aliyejulikana kwa jina la Exadv1 katika BYOND, jukwaa la intaneti ambalo watu hulitumia kutengeneza michezo yao wenyewe na kuichezea humo humo. Mchezo huo huiga kituo cha anga za juu ambamo wachezaji makumi kadhaa, kila mmoja akiwa mbele ya kompyuta yake katika nchi yake, hugawiwa kazi: huyu mhandisi, yule mpishi, mwingine mlinzi, mfagizi, kasisi, mkemia au tabibu. Wachache kati yao hupewa kwa siri jukumu la kuwasaliti wenzao, na hakuna anayejua ni nani. Mzunguko mmoja wa mchezo, ambao wachezaji wenyewe huuhesabu kama zamu ya kazi, huchukua saa moja au mbili, na kwa kawaida huisha pale chombo cha uokoaji kinapofika kuwachukua walionusurika.

Kwa mgeni, kinachoonekana ni vijipicha vya mraba vinavyotazamwa kutoka juu, visivyo na uzuri wowote wa kumfanya mtu asimame atazame. Kilichowashika watu kwa zaidi ya miaka 20 ni mwingiliano wa mambo uliofichika nyuma ya vijipicha hivyo, na mwingiliano huo ulianza na hewa. Mtayarishaji wa kwanza alikusudia kuiga mwenendo wa gesi, yaani namna hewa inavyosambaa kutoka chumba kimoja hadi kingine, inavyopata joto, inavyowaka na inavyotoroka ukuta unapotoboka. Watu, kazi na visa vikaja kujazia nafasi iliyokwisha kuwa na hewa ya kuvutwa na kukoseshwa. Tabibu wa mchezo huo, basi, ni mtoto wa fizikia ya gesi: yupo kwa sababu kuna hewa, na hewa inaweza kukatika.

Mwili katika kituo hicho ni hesabu. Kila mhusika huanza na alama 100 za uzima, na kila dhara linalompata huandikwa katika mojawapo ya mafungu manne makuu, ambayo ni majeraha ya kupigwa au kukatwa, majeraha ya moto, sumu, na ukosefu wa hewa. Alama zikishuka chini ya sifuri mhusika huanguka na kuwa mahututi, na zikifika hasi 100 hufa. Kila fungu lina dawa yake, nyingine zikiwa na majina ya kubuni kama bicaridine kwa jeraha na kelotane kwa moto. Lipo tangi la baridi kali la kumlaza aliyezidiwa, ipo mashine ya kushtua moyo, na katika matoleo mengi upo hata mtambo wa kumuumba upya aliyekwisha kufa. Tabibu huvaa miwani maalumu inayomwonyesha, juu ya kichwa cha kila anayepita, ufito wa rangi unaotaja hali ya uzima wake, kiasi kwamba humjua mgonjwa kabla mgonjwa hajafungua kinywa.

Hapa ndipo mtu aliyefanya kazi katika zahanati yoyote ya Bahi au Chamwino angecheka, na angekuwa na haki ya kucheka. Katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako ukame hupunguza mbu na kuyafanya maambukizi ya malaria kuwa machache kuliko katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, mtu anayefika na homa anaweza kuwa na homa ya matumbo, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, au brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo na kumfikia binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa. Na anaweza pia kuwa na malaria hiyo hiyo iliyodhaniwa kuwa chache. Hana ufito wa rangi kichwani. Husema anaumwa mwili mzima, pengine huficha kwamba ameanza kutumia dawa nyingine nyumbani, na mhudumu hubaki kupima, kuuliza na kukisia. Sehemu kubwa ya udaktari, ile ya kutambua ugonjwa, mchezo umeifuta kabisa, na kwa hiyo yeyote anayedai kwamba tabibu wa mchezoni anajifunza tiba anadai jambo ambalo mchezo wenyewe haukuahidi.

Utambuzi ukishaondolewa, hata hivyo, yanabaki mambo ambayo ni vigumu kuyaona vizuri katika hospitali halisi kwa sababu utambuzi na maumivu huyafunika. La kwanza ni kile hasa anachokiponya tabibu wa mchezo. Mhusika aliyejeruhiwa hasikii maumivu, kwa kuwa ni kijipicha. Lakini mchezaji aliye nyuma yake, mhusika wake akifa, hugeuka mzuka, yaani mtazamaji asiyeonekana, anayeweza kuzunguka kituo chote na kuwaona wenzake wakiendelea, bila kuwasemesha isipokuwa wafu wenzake. Zamu ikiwa imebakiza saa nzima, saa hiyo ataitumia akiwa nje ya shughuli aliyokuja kuifanya. Hasara hiyo ni ya kweli kabisa, imempata mtu wa kweli, na ndiyo pekee ya kweli katika chumba kizima cha tiba. Tabibu anapomrudisha mtu kutoka hasi 90, anachomrudishia ni nafasi yake miongoni mwa wengine. Anafanya hivyo kwa kutumia muda wake mwenyewe, ambao angeweza kuutumia kumsaka msaliti au kujijengea sifa, na mara nyingi aliyeponywa huinuka na kukimbia bila hata kushukuru.

Tabibu mzuri wa mchezo huo hujulikana basi kwa upatikanaji wake kuliko maarifa yake. Maarifa yenyewe, baada ya wiki chache, hayazidi ya mkariri mzuri wa majedwali. Upatikanaji ni jambo gumu zaidi: kukaa chumbani wakati habari zote za kusisimua ziko kwingine, kulisikia tangazo la mlipuko na kutokimbilia kwenye mlipuko, kwa kujua kwamba baada ya dakika mbili mlipuko utakuja wenyewe mlangoni ukiwa umebebwa na watu.

Unapokuja, huja kwa wingi, na hapo huanza kazi ambayo wahudumu wa afya huiita triaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa kadiri ya haraka wanayoihitaji badala ya kufuata nani alitangulia kufika. Kanuni hiyo kwa kawaida hufungamanishwa na jina la Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, aliyetaka majeruhi watibiwe kwa uzito wa jeraha bila kujali cheo. Mchezo una vyeo, tena vingi, na nahodha wa kituo mwenye mkwaruzo wa alama 10 hupenda kupaza sauti mbele ya mfagizi mwenye hasi 60. Tabibu anayemtii nahodha hupoteza mfagizi. Katika jiji lenye viongozi wengi kama Dodoma mfano huo hauhitaji kufafanuliwa sana, kwani hakuna aliyewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje asiyewahi kumwona mtu akipitishwa mlango wa pembeni.

Uwanda wa kati una kumbukumbu yake nzito ya siku ambayo majeruhi walikuja wote kwa pamoja. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuelekea bara, ikiwa na zaidi ya watu 1,200, ilipokuwa kwenye mwinuko katika eneo la Igandu na Msagali mkoani Dodoma ilianza kurudi nyuma, breki zikashindwa kuizuia, ikashuka kwa kasi hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha na mamia walijeruhiwa. Ajali hiyo haifananishwi hapa na mchezo. Kuifananisha kungekuwa utovu wa adabu. Inatajwa kwa sababu inaonyesha ukubwa wa kile ambacho kuigiza kunajaribu kukikaribia: siku kama ile hakuna hospitali ya mkoa popote duniani ambayo ina mikono ya kutosha, na kila uamuzi wa nani aguswe kwanza ni uamuzi pia wa nani angoje. Mchezaji anaweza kuurudia uamuzi wa namna hiyo mara mia kwa mwaka, akakosea, na zamu nyingine ikaanza. Mhudumu wa afya anaweza kumaliza utumishi wake wote bila kukutana nao, au akakutana nao mara moja tu, alasiri moja, akiwa hajawahi kuujaribu.

Jambo la pili ambalo mchezo hulifunua ni kwamba tabibu hutegemea mgonjwa ajulikane alipo. Sare za wafanyakazi wa kituo zina vihisio vinavyotuma taarifa kwenye skrini ya chumba cha tiba: nani yu hai, ana madhara gani, yuko chumba kipi. Lakini vihisio hivyo huwashwa na mvaaji mwenyewe, na wengi huvipuuza, wengine kwa usahaulifu, wengine kwa kutotaka kufuatiliwa, na msaliti kwa sababu zake. Basi hutokea mara kwa mara kwamba mtu anakufa kwenye njia ya nyuma, mita chache kutoka kwa tabibu aliyekaa bila kazi, dawa zikiwa tele mezani.

Hali hiyo ina sura yake halisi katika vijiji vya Kondoa, Manyoni au Mkalama, ambako umbali na njia za udongo wa mbuga zinazokatika wakati wa masika huweza kumtenganisha mama mwenye uchungu na mkunga ambaye yuko tayari kumpokea. Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu, yaani kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika, na aina mbili kati ya hizo hutokea kabla mgonjwa hajaonana na mtaalamu yeyote. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ni jaribio la kuuziba mwanya huo: simu hupigwa bila malipo kwa namba 115, mpokeaji wa simu huuliza maswali yaliyopangwa ili kupima uzito wa hali, kisha hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo karibu humwita dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa ambaye hulipwa kwa safari yake. Kwa lugha ya mchezo, ni kuwashiwa kihisio na jirani mwenye simu. Tofauti ni kwamba katika mchezo skrini hujaa majina ya watu kwa kubonyeza kitufe kimoja, ilhali huku kila jina hugharimu mafuta.

Swali linalobaki, na ambalo ndilo zito kuliko yote, ni kama kuigiza uponyaji kunaweza kumfundisha mtu kuponya. Wapenzi wa michezo hulijibu haraka kwa ndiyo, na walezi hulijibu haraka kwa hapana. Uwanda wa kati una bahati ya kuwa mahali ambapo swali hilo limejibiwa kwa kuhesabu, na jibu lake halimfurahishi kikamilifu yeyote kati ya hao.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, iko wilayani Mbulu katika mkoa wa Manyara, juu ya nyanda zinazopakana na Singida, na huwahudumia Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wanyiramba na majirani zao. Katika leba ya hospitali hiyo, yaani chumba cha kujifungulia, kumekuwa na mwanasesere wa kufanyia mazoezi aitwaye NeoNatalie. Ni mwili mtupu wa plastiki ambao hujazwa maji ya uvuguvugu hadi upate uzito na ulegevu wa mtoto mchanga. Una vibofu vidogo ambavyo mwenza wa anayefanya mazoezi huviminya kwa mkono ili kitovu kipige, kifua kiinuke au sauti ya kilio isikike. Mkunga humpokea, humkausha, humsugua mgongo, na asipopumua humpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, kifaa ambacho wahudumu wengi hukiita ambu. Yote hayo yanapaswa kufanyika ndani ya sekunde 60 tangu kuzaliwa, muda ambao mpango wa kimataifa wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua, uliozinduliwa mwaka 2010 na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani pamoja na washirika wake, uliubatiza dakika ya dhahabu.

Kampuni iliyomtengeneza mwanasesere huyo ina historia inayofaa kusimuliwa kwa kifupi, ingawa inaipeleka hoja pembeni kidogo. Åsmund Lærdal, aliyeianzisha mwaka 1940 mjini Stavanger, Norway, alikuwa mchapishaji wa kadi na vitabu vya watoto, kisha mtengenezaji wa vitu vya kuchezea, vya mbao kwanza na baadaye vya plastiki laini. Ujuzi wa plastiki hiyo ulimwingiza katika kutengeneza vidonda bandia vya kufundishia huduma ya kwanza, na mwaka 1960 akatoa Resusci Anne, mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima wa kujifunzia kupulizia pumzi, ambaye sura yake ilitokana na kinyago cha uso wa binti asiyejulikana aliyesemekana kutolewa katika mto Seine, Paris. Elimu ya tiba ya dharura ya leo, kwa maana hiyo, ilitoka kwenye karakana ya vitu vya watoto, na hakuna aliyeona haya.

Mwaka 2013 zilitoka ripoti mbili kutoka Tanzania ambazo zikisomwa pamoja zinatatanisha. Ya kwanza, iliyoandikwa na Georgina Msemo na wenzake, ilihusu hospitali nane nchini ambako mafunzo ya dakika ya dhahabu yalijaribiwa kuanzia 2009, kabla ya mpango wenyewe kuzinduliwa, na ilionyesha kuwa vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Ya pili, ya Hege Ersdal na wenzake, iliitazama Haydom peke yake na kuuliza swali jembamba zaidi: baada ya kozi ya siku moja, nini kilibadilika? Mbele ya mwanasesere wahudumu walifanya vizuri zaidi kuliko kabla ya kozi, tena kwa tofauti kubwa. Mbele ya watoto halisi, utendaji wao haukubadilika. Walikuwa wameujua mchezo, na mchezo ukabaki ukumbini.

Haydom haikumtupa mwanasesere. Ilimhamisha. Badala ya siku nzima ya kozi, mazoezi yaligawanywa kuwa ya dakika chache, yakarudiwa mara kwa mara, yakafanyika papo hapo leba, na watu wale wale ambao usiku huo wangezalisha pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 na Estomih Mduma na wenzake yalionyesha kwamba vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere alikuwa yule yule na hatua za kufuata ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali alipolazwa na mara ngapi aliguswa.

Mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya nafasi ya mchezo katika utamaduni, aliufafanua mchezo kuwa shughuli iliyojitenga na maisha ya kawaida, yenye mahali pake na muda wake uliowekewa mpaka. Ufafanuzi huo una nguvu, na kozi ya siku moja inauthibitisha vizuri mno: ukumbi una mlango, mlango ukifungwa mchezo umekwisha. Mazoezi ya leba yanaupinga, kwa kuwa pale mpaka ni upana wa meza. Mwanasesere hulala karibu na kitanda ambacho baada ya saa moja kitakuwa na mama, na mkono ulioshika ambu kwa kuigiza huishika tena kwa kweli kabla haujasahau. Kinachoamua kama uigizaji utafundisha, kwa ushahidi huo, ni umbali kati ya mahali pa kuigiza na mahali pa kuhitajiwa, na umbali huo hupimwa kwa hatua na kwa siku.

Kipimo hicho kikiletwa kwa tabibu wa kituo cha anga, hukumu hugawanyika. Kwa upande wa tiba, umbali wake ni mkubwa mno, na mtu anayejua dawa zote za mchezo hajui hata namna ya kufunga bandeji. Kwa upande wa lile lingine, yaani kukaa pale mtu anapohitajika, kupanga nani atangulie, kumvumilia asiyeshukuru, umbali ni sifuri, kwa kuwa wanaohitaji ni wachezaji wenyewe, wako hapo hapo, na zamu hurudi kila jioni. Hilo analijifunza kweli, ingawa kama atalitoa nje ya kompyuta yake ni suala la mwanasesere na ukumbi kwa mara nyingine. Kwenye vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2007, masomo ya kompyuta na masomo ya udaktari hufundishwa katika eneo moja, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani. Ni vigumu kufikiria mahali panapofaa zaidi kwa mtu kutengeneza mchezo wa utabibu wenye homa zisizojitaja, wenye masika yanayokata barabara, na wenye simu ya 115 inayolia wakati gari pekee lipo kwenye rufaa nyingine.

Tahadhari moja inahitajika kuhusu takwimu kama zile za Haydom. Mpango uliofuata, uliojengwa juu ya uzoefu wa Haydom na kuenezwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ulitoa matokeo yake mwaka 2025 ukiripoti kwamba vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75 na vya watoto wachanga kwa takriban asilimia 40. Mpango huo, hata hivyo, ulikusanya vitu vingi kwa pamoja: wanasesere wapya, kifaa cha kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kiitwacho Moyo, wawezeshaji ndani ya kila kituo, na takwimu za kila wiki zilizorudishwa kwa wahudumu wenyewe. Kumpa mwanasesere sifa yote kungekuwa kosa lile lile la mpenzi wa michezo.

Tukirudi kwenye kituo cha anga, kuhusu kumtibu adui mchezo una ukali wake. Tabibu huletewa mtu mwenye risasi begani na hajui kama ni mwathirika au ndiye aliyeanza kufyatua. Yapo matoleo yanayoruhusu kumnyima tiba aliyethibitika kuwa msaliti na yapo yanayokataza. Wachezaji wazoefu kwa kawaida humtibu kwanza, kisha humwita mlinzi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864 uliweka kanuni hiyo hiyo kwa majeruhi wa vita, na tabibu wa kijipicha hufikia hapo bila kuusoma, pengine kwa sababu za kivivu tu: kuchunguza nani ana hatia huchukua muda mrefu kuliko kufunga jeraha.

Zamu inapoisha, mchezo hufungua siri zake. Orodha hutokea mbele ya wote ikitaja nani alikuwa msaliti, alitumwa kufanya nini, na kama alifaulu. Hapo huanza mazungumzo ya fujo ambayo kwa wengi ndiyo sehemu tamu zaidi, kwa kuwa wafu husema. Aliyekufa kwenye njia ya nyuma humwambia tabibu kwamba aliita mara tatu kwenye redio. Tabibu hujibu kwamba redio ilikuwa imejaa kelele za mlipuko. Mhandisi hukiri kwamba bomba lilikuwa lake. Mafunzo ya mwanasesere yana kikao cha namna hiyo pia, chenye utulivu zaidi, ambapo walioshiriki huulizana ni lipi lilikwenda vizuri, lipi wangelifanya vingine, na ni sekunde ya ngapi waliita msaada, bila kumtafuta wa kulaumiwa.

Hospitali halisi hazina wafu wanaosema. Vikao vya kujadili vifo vya akina mama na watoto wachanga, ambavyo mwongozo wa wizara ya afya huvitaka vifanyike baada ya kila kifo cha mama, humkosa shahidi aliyejua mengi kuliko wote, na nafasi yake hujazwa na faili. Katika faili hilo karatasi inayosomwa kwa makini zaidi ni patografu, chati ambayo mkunga huchora juu yake maendeleo ya uchungu, kufunguka kwa mlango wa kizazi na mapigo ya moyo wa mtoto kadiri saa zinavyopita. Jambo ambalo wajumbe wazoefu hulitazama kwanza, kabla ya kusoma nukta yenyewe imesimama wapi, ni kama nukta ziliwekwa moja moja wakati uchungu ukiendelea, au ziliwekwa zote kwa mkupuo mmoja, kwa kalamu moja, baada ya mambo kwisha.